Je, Wajua? Dramu Imegoma Kutoka!

Kutu ni nene kuliko chuma ilichokula! Chuma kikigeuka kutu, kinataka nafasi mara 2 hadi 6 ya ile ya mwanzo. Basi ile Land Rover kuukuu iliyolala misimu kadhaa ya mvua nyuma ya nyumba hapa Litein, usishangae dramu zake za breki za nyuma zikigoma kutoka. Mwanya kati ya dramu na habu ulikuwa mwembamba tangu kiwandani, na sasa umejaa kutu pomoni. Mvua ya Kericho nayo unaijua: inapita milimita 1,500 kwa mwaka.

Fundi akija na nyundo kubwa, mshike mkono! Dramu ni chuma cha kusubu, na ndani yake kuna kaboni karibu asilimia 3. Chuma hicho hakijui kupinda. Ukikibamiza ukingoni kinapasuka, na spea ya gari la miaka ya sitini utaitafuta mpaka uchoke.

Je, wajua kwamba tundu la chuma likipata moto linapanuka? Wengi wangeapa kwamba linaziba. Dramu ya Land Rover fupi ina kipenyo cha inchi 10, yaani milimita 254. Iongezee joto la nyuzi 100 na itatanuka kwa takriban milimita 0.28, unene wa karatasi tatu hivi za daftari! Tundu la katikati ni dogo zaidi, hivyo lenyewe hutanuka kwa kiasi kidogo kuliko hicho, lakini mara nyingi hicho kidogo ndicho kinachoivunja kutu. Ndiyo sababu wapo mafundi wanaoimwagia dramu maji yanayochemka. Sasa sikia hili: kwenye kimo cha mita 2,000, kama vilima vyetu hivi vya chai, maji huchemka yakifika nyuzi 93 tu. Birika la Mombasa lina moto kuliko lako!

Na je, kama hakuna kutu hata kidogo? Miaka inavyopita, zile shuu mbili za breki huchimba ukuta wa ndani wa dramu na kuacha ukingo uliosimama. Ukivuta, shuu zinanasa nyuma ya ukingo huo. Unavuta, zinanasa. Dawa iko nyuma ya gurudumu: legeza kwanza kirekebisho cha breki, shuu zirudi ndani. Wapo waliotoka jasho siku nzima bila kukigusa.

Hebu itazame Datsun au Toyota ya zamani. Umeyaona yale matundu mawili madogo yenye nyuzi usoni mwa dramu? Tia bolti mbili za milimita 8, zikaze kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na dramu inajisukuma yenyewe nje. Waliolitengeneza gari walikuachia zana mkononi, na watu huipaka rangi juu!

Volkswagen Beetle ndiyo kiboko. Dramu yake ya nyuma inashikwa na nati moja ya milimita 36, inayokazwa kwa nguvu ya Nm 294. Chukua bomba la mita moja, ning'iniza mfuko wa kilo 30 mwishoni mwake: nguvu ndiyo hiyo. Na huko ni kukaza tu. Kuifungua baada ya miaka 30 ni mkasa mwingine.

Je, wajua kwamba bingwa wa Safari Rally alizaliwa hapa hapa Kericho? Joginder Singh, mwaka 1932. Alianzia kwenye ufundi wa magari, na mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant wakashinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Breki zake? Dramu, magurudumu yote manne! Akashinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer.

Lile kopo la WD-40 unalopulizia kutu lilianzia kwenye makombora. Mwaka 1953, huko San Diego, Marekani, mapishi ya 40 ndiyo yaliyokubali, na yakatumiwa kulinda ganda la kombora la Atlas lisishike kutu.

Dramu imetoka? Usilipulize vumbi lililo ndani! Shuu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

La mwisho, na hili litakushangaza. Umekuwa ukiilaumu hendibreki ya Land Rover yako kuukuu kwa kuyabana magurudumu ya nyuma? Haifiki huko kabisa! Ina dramu yake peke yake, nyuma ya giaboksi, inayoshika shafti. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani laweza kuzunguka na gari likaondoka juu ya jeki, hendibreki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele kabla hujashika spana.