Maji Yatarudi Lini? Njeo za Kiswahili na Mantiki ya Mifumo Stahimilivu

Utafiti wangu wa uzamili unahusu mbinu rasmi za kuthibitisha ustahimilivu wa mifumo ya udhibiti. Nikiutaja hivyo mbele ya wanafunzi wa kitivo hiki, mazungumzo hufa. Nikisema kwamba nimetumia miezi kadhaa kubishana na neno "mpaka", hapo watu husogeza viti. Kwa kuwa mhariri ameniruhusu mimi, mtu wa idara ya uhandisi, kuandika katika jarida la wanalugha, nitaanzia upande wenu.

Kwanza, mfumo wa udhibiti ni nini? Tangi la choo lina boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga vali. Yakishuka, boya hushuka na vali hufunguka. Hapo pana kupima, kuamua na kutenda, na matokeo ya kutenda hupimwa tena. Mtambo wa maji wa mji mzima hufanya kazi hiyohiyo. Vihisi hupima kina cha tangi, mgandamizo ndani ya mabomba na kiasi cha klorini. Kompyuta, au mtu mwenye daftari, huamua. Pampu na vali hutekeleza. Mfumo stahimilivu nao si ule usioharibika, kwani mfumo wa namna hiyo haupo. Ni ule ambao ukipigwa hurudi upesi katika hali inayotakiwa, na ukisharudi hudumu humo.

Kwetu ni Bibokoboko, katika vilima vya Fizi juu ya Baraka, Kivu Kusini. Vilimani maji ya chemchemi huteremka yenyewe, na anayetaka maji humfuata mto alipo. Vita vya miaka ya karibuni vimewahamisha wengi hadi Baraka, Uvira na kwingineko, na aliyezoea chemchemi akifika mjini hujikuta anategemea pampu, mafuta na umeme. Uvira, iliyo kaskazini mwa Baraka kwenye ufuo uleule wa Ziwa Tanganyika, ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Mwaka 2015 Aurélie Jeandron na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha, kwa miaka 2009 hadi 2014, uzalishaji wa maji ya bomba Uvira na idadi ya wagonjwa waliolazwa katika kituo cha kutibu kipindupindu. Siku isiyo na maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12 zilizofuata, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa, ikilinganishwa na siku ambayo uzalishaji ulikuwa mzuri. Walikadiria kwamba karibu asilimia 23 ya wagonjwa wote walitokana na upungufu wa maji ya bomba. Watu hawakuacha kunywa maji pampu zilipozimika. Walirudi ziwani na mtoni.

Kwa hiyo swali la kihandisi ni la lugha pia: mtambo unaahidi nini? Ahadi lazima iandikwe kabla haijathibitishwa, na kabla haijaandikwa kwa alama za mantiki ilishasemwa na mtu kwa maneno yake. Nilianza kukusanya kauli za watu wanaoendesha miradi ya maji Fizi. Fundi mmoja mzee, nilipomwuliza mtambo wake hufanya nini kurani ikikatika (ndivyo tunavyouita umeme, kwa kuazima Kifaransa), alinijibu:

"Mwanangu, maji ikikatika, itarudi tu."

"Itarudi lini, papa?"

"Nimesema itarudi."

Msisahihishe upatanisho wa ngeli, ndivyo tusemavyo. Tazameni hiyo "-ta-" na hiyo "tu".

Mantiki ninayoitumia ilizaliwa kutokana na maswali kama haya kuhusu njeo. Arthur Prior, mwanafalsafa wa New Zealand, alijenga mantiki ya njeo katika miaka ya 1950 kwa kuuliza nini hutokea tukizichukulia "ilikuwa" na "itakuwa" kama viunganishi vya kimantiki, sawa na "na" au "si". Mwaka 1968 Hans Kamp, ambaye wanasemantiki wa kitivo hiki humjua zaidi kwa nadharia yake ya 1981 kuhusu uwakilishi wa usemi, aliandika tasnifu juu ya maneno mawili: tangu na mpaka. Alithibitisha kwamba, wakati ukichukuliwa kama mstari usio na mapengo, maneno hayo mawili yanatosha kueleza kila kinachoweza kuelezwa kuhusu mpangilio wa matukio kwa mantiki ya kawaida ya daraja la kwanza. Miaka tisa baadaye, 1977, Amir Pnueli alionyesha kwamba mantiki ya aina hiyo inafaa kueleza mwenendo wa programu za kompyuta. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Turing mwaka 1996. Wahandisi wengi hawajui kwamba chombo chao kilitoka kwa watu waliokuwa wakitafakari vitenzi.

Katika mantiki hiyo pana "daima" na "hatimaye". Kauli ya mzee huandikika hivi: daima, ikiwa maji yamekatika, basi hatimaye yatakuwapo. Inaonekana safi. Ubaya wake ni kwamba hakuna siku utakayoweza kumwambia mtu kuwa ameivunja. Maji yakikosekana wiki, bado hayajarudi. Yakikosekana mwaka, bado pia. Leslie Lamport, mwaka huohuo wa 1977, alitenganisha sifa za usalama, yaani jambo baya halitatokea, na sifa za uhai, yaani jambo jema hatimaye litatokea. Ya usalama huvunjwa mbele ya macho: tangi limefurika, basi. Ya uhai haivunjwi na shahidi yeyote wa muda wenye kikomo. Njeo ya wakati ujao isiyo na tarehe ni ya uhai. Hiyo "tu" ya mzee huongeza uhakika wa msemaji bila kuongeza hata dakika moja ya wajibu. Mbele ya takwimu za Uvira, ambako siku moja huhesabika kwa wagonjwa, ahadi ya namna hiyo haifai kitu.

Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Linganisha:

Walingoja mpaka maji yalipokuja.
Watangoja mpaka maji yaje.

Katika ya kwanza maji yalikuja. Katika ya pili, dhamira tegemezi "yaje" haimhakikishii mtu kwamba yatakuja. Inasema tu kwamba kungoja hakutakoma kabla. Wanamantiki hutofautisha "mpaka" wenye nguvu, unaodai tukio litokee, na "mpaka" dhaifu, usiodai. Anayeandika fomula hulazimika kukumbuka ni upi anaoutaka, na wanaoanza huchanganya. Kiswahili huonyesha tofauti hiyo katika umbo la kitenzi. "Usifungue vali mpaka tangi lijae" ni amri ya usalama: hata tangi lisipojaa kamwe, aliyeiacha vali imefungwa ametii. Fundi anayeisikia hadhani ameahidiwa tangi lililojaa. Sijaona kitabu cha kufundishia mbinu rasmi kinachotumia mfano huu, na naona ni hasara.

"Hu-" ilinisumbua zaidi. "Pampu huwashwa asubuhi." Nikiitafsiri kwa "daima", siku moja isiyo na pampu inatosha kuifanya kauli iwe uongo. Lakini msemaji hakubali kuwa amedanganya; atasema siku hiyo mafuta yalikosekana. Ndani ya "hu-" mna sharti lisilotamkwa: mambo yakiwa kama kawaida. Kwa mwanaisimu hiyo ni sifa inayojulikana ya kauli za jumla, kwamba huvumilia vighairi. Kwa mhandisi ni mahali ambapo ajali hujificha. Dawa yetu ni kuigawa kauli sehemu mbili, dhana na ahadi: ikiwa mafuta yapo na umeme haujakosekana zaidi ya saa fulani, basi pampu itafanya hili. Baada ya hapo kila "hu-" iliyokusanywa lazima iulizwe: kawaida ipi?

Historia ya mitambo imejaa dhana ambazo hakuna aliyefikiri kuziandika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru nchini Kenya, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ilijizima, mashine nyingine zikaelemewa na kujizima nazo, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Watu walicheka, na mimi pia, lakini tazameni mwenendo wake: kila mashine iliyojizima ilitii kanuni yake ya usalama, "nikielemewa, nijizime". Kilichovunjika ni ahadi ya mfumo mzima, kwamba kuanguka kwa kimoja hakutaangusha vyote.

Uvira nako, Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kuharibu miundombinu ya maji. Dhana inayosema "chanzo cha maji kipo" haikuwa na neno la kusema hapo.

Sasa tuipe ahadi tarehe. Mwaka 2004 Oded Maler na Dejan Nickovic walipendekeza mantiki ya wakati inayosema juu ya vipimo halisi vyenye saa halisi: kina cha maji kisishuke chini ya mita 1, kikishuka, kirudi ndani ya saa 6. Juu yake huwekwa wazo ambalo George Pappas na Georgios Fainekos walilifanyia kazi kwa kina mwaka 2009, kwamba sentensi isipewe tu ukweli au uongo bali pia kiasi. Maji yakiwa mita 1.4, kauli ni kweli kwa pengo la 0.4. Yakiwa mita 0.9, ni uongo kwa 0.1. Wasomaji wa semantiki wataona ajabu, maana tumezoea kwamba sentensi haiwi kweli "kidogo". Lakini anayesimamia tangi anataka kujua yuko umbali gani na uongo.

Mwaka 2022 Hongkai Chen, Shan Lin, Scott Smolka na Nicola Paoletti waliufafanua ustahimilivu wenyewe kwa mantiki hiyo, na kuupa namba mbili badala ya moja: mfumo umewahi kurudi kwa kiasi gani, na umedumu kwa kiasi gani baada ya kurudi. Uzuri wa ufafanuzi wao ni kwamba namba hizo hazijumlishwi. Chukua mitambo miwili ya kubuni. Wa kwanza hurudisha maji baada ya saa 2 lakini hudumu saa 9. Wa pili hurudisha baada ya saa 5 na kudumu siku 3. Upi ni stahimilivu zaidi? Hesabu inakataa kujibu, na hufanya vyema. Mimi nachagua wa pili, kwa sababu nyumbani watu huweka akiba kwenye vidumu: saa 5 huvumilika, lakini maji yanayokatika kila siku humrudisha mtu ziwani. Mtu wa hospitali yenye chumba cha upasuaji anaweza kuchagua wa kwanza.

Kuthibitisha kwenyewe nitakueleza kwa ufupi. Kompyuta hupewa modeli ya mtambo na fomula ya ahadi, kisha hutafuta katika njia zote ambazo mtambo unaweza kupitia kama ipo hata moja inayovunja ahadi. Ikiipata, huionyesha hatua kwa hatua. Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis walipata tuzo ya Turing ya mwaka 2007 kwa kazi hiyo. Tatizo ni wingi: vali 20, kila moja ikiwa wazi au imefungwa, huzaa hali 1,048,576 kabla hujaongeza pampu hata moja. Kuna ujanja mwingi wa kupunguza mzigo huo, na sehemu kubwa ya tasnifu yangu iko humo. Ila kompyuta haiwezi kuniambia kama sentensi niliyoipa ndiyo aliyoikusudia msemaji.

Kwa hiyo nilimpigia simu yule mzee nikamsomea toleo langu la kauli yake: kila maji yanapokatika, ikiwa umeme umerudi au mafuta yamepatikana ndani ya saa 6, maji yatarudi ndani ya saa 8, na yakisharudi yatadumu saa 24. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ni sawa, mwanangu. Lakini imerudi wapi? Kwa tangi, ao kwa robine ya mwisho?"

Kati ya tangi na bomba la mwisho, lililo juu mlimani, maji yake huchukua nusu siku. Fomula sasa ina "maji" mawili, na saa 8 zimebaki kwa lile la kwanza tu.