Nyigu Bustanini, Siri Chumbani

Kwa miaka yote niliyohariri kurasa za urembo, "kiuno cha nyigu" kilikuwa sifa. Mwambie msichana wa mjini ana kiuno cha nyigu uone atakavyotabasamu. Lakini mimi mwenzenu, nikilisikia neno hilo siku hizi, mwili unanisisimka. Kisa? Kaa vizuri nikusimulie, hasa wewe unayeishi na mwenzako na kuamini unamjua kuanzia utosini hadi unyayoni.

Tunaishi nyumba ya kupanga pembezoni mwa Dar es Salaam: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka 3 na binti anayetusaidia kazi. Kilichotufanya tuipende nyumba hiyo ni kabustani ka uani. Kuna mpapai mmoja, matuta mawili ya mchicha na ua wa michongoma. Kamba ya kuanikia nguo imepita hapo hapo pembeni.

Binti ndiye aliyeona wa kwanza. "Dada, kwenye michongoma kuna nyigu wanajenga." Nikaenda kuchungulia. Kiota kilikuwa hakizidi sarafu ya shilingi mia, nyigu watatu wamekikalia. Usiku nikamwambia mume wangu. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Poa, nitawashughulikia wikiendi."

Wikiendi ikapita, na ya pili nayo ikapita. Kila nikimkumbusha ana sababu mpya: mara kachoka, mara mvua, mara "hao hawana neno, waache tu". Mimi toleo lilikuwa linaelekea mtamboni, sikuwa na muda wa kubishana. Nikaamua ni uvivu. Nikauweka kwenye lile faili la kichwani ambalo wengi wetu tunalo, lile linalofunguliwa siku ya ugomvi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ilipofika miezi miwili, kiota kilikuwa sawa na kisahani cha chai na binti anaanika nguo kwa kunyata. Jumamosi moja akang'atwa mkononi wakati anaanua nguo za mtoto. Hapo nikawaka. Mbele ya binti, mbele ya shemeji yangu aliyekuja kututembelea, nikasema kwa sauti: "Baba watoto, kama unaogopa sema, nitafute mwanaume aje awatoe."

Maneno hayo nayajutia mpaka leo.

Ujasiri wa dakika mbili

Hakunijibu. Alichukua fimbo, akafunga tambara, akalichovya kwenye mafuta ya taa na kuliwasha. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nyigu wamechangamka. Na yeye kavaa kaptula na singlendi!

Moto haukufika hata kwenye kiota. Fimbo iligonga tawi, tawi likatikisika, na nyigu wakamjia kama waliotumwa. Wakamng'ata shingoni, mkononi na chini ya jicho. Akautupa mwenge, akakimbilia ndani. Binti akawahi na ndoo ya maji maana nyasi zilishaanza kushika moto. Shemeji akaangua kicheko. Na mimi, nisikufiche, nilicheka.

Kicheko hakikudumu. Ndani ya dakika chache mume wangu alianza kujikuna tumboni na mapajani, mahali ambapo hakuna nyigu aliyemgusa. Midomo ikavimba. Sauti ikaanza kukwaruza. Akanishika mkono na kusema kwa taabu, "Mama watoto, hii ilishawahi kunitokea."

Ilishawahi! Miaka minne ya ndoa, na mimi ndiyo kwanza nasikia.

Jirani alitukimbiza hospitali kwa gari lake. Daktari alipomwona tu, alimchoma sindano ya adrenalini kwenye paja, kisha wakamwekea oksijeni na dripu. Pumzi ikaanza kurudi. Hata hivyo walimlaza hadi kesho yake, kwa sababu hali ile inaweza kutulia kisha ikarudi saa kadhaa baadaye.

Aliyoniambia wodini

Usiku ule ndipo aliponifungukia. Akiwa kidato cha pili, shule ya bweni, aling'atwa na nyigu, akavimba mwili mzima na kuzimia. Aliporudi bwenini wenzake walimpokea na jina la utani: "Bwana Nyigu". Lilimganda mpaka anamaliza shule. Akajiapiza kwamba hatamsimulia mtu tena.

"Ningekwambia, ungenionaje?" akaniuliza. "Mwanaume mzima naogopa mdudu?"

Sikuwa na la kusema. Jibu nilishalitoa mchana, mbele ya mdogo wake.

Fikiria. Mimi na huyu bwana tumeambiana kuhusu wapenzi wa zamani. Najua mshahara wake, najua namba ya siri ya simu yake. Lakini sikujua kitu ambacho kingeweza kumuua uani kwangu. Sisi wanandoa wa kizazi hiki tuko makini sana kupekua simu, ila miili ya wenzetu hatuiulizi.

Mjue nyigu kabla hujamvaa

Baada ya pale nilisoma habari za wadudu hawa kama mwanafunzi wa mtihani. Nyigu wanaotundika viota vya wazi kwenye miti na mapaa hukwangua nyuzi za mbao kavu, huzitafuna na mate, wakapata karatasi. Naam, ni mafundi wa karatasi!

Nyuki wa asali akikuchoma huacha mwiba wake kwenye ngozi na kufa. Nyigu anabaki na wake, kwa hiyo anaweza kukuchoma tena na tena. Wanaochoma ni majike tu. Hawana haja na wewe mpaka waone kiota kiko hatarini, na kinachowatibua haraka ni mtikisiko. Halafu hutoa harufu ya kuitana. Ndiyo maana kupunga mikono hakusaidii. Ondoka mbio.

Na wana faida. Huwinda viwavi kwa ajili ya kulisha watoto wao. Nikakumbuka kwamba miezi ile miwili mchicha wetu haukuwa umetobolewatobolewa.

Ukikuta kiota kwako

1. Kama kiko juu na mbali na njia, mlango au michezo ya watoto, kiache. Wanakufanyia kazi bure.

2. Kama kiko karibu na watu, kishughulikie kingali kidogo. Mpulizaji dawa mwenye ujuzi ndiye chaguo la kwanza.

3. Moto, petroli na mafuta ya taa, hapana. Utaunguza ua, nyumba au wewe mwenyewe.

4. Kazi hii ni ya giza likishaingia, nyigu wakiwa wametulia kiotani. Mfanyaji avae nguo nzito za kufunika mwili wote, asisimame chini ya kiota, na awe na njia ya kukimbilia. Watoto wawe ndani.

5. Aliyewahi kuvimba mwili au kubanwa pumzi baada ya kung'atwa asisogee kabisa. Hapo hakuna cha ngangari.

6. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji, weka barafu, vua pete kabla kidole hakijavimba. Wengi huishia kwenye maumivu na uvimbe tu. Lakini mwili ukitoka vipele, midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana au kizunguzungu kikija, usisubiri kitunguu wala siki. Hospitali, haraka. Aliyechomwa mdomoni au kooni, au mara nyingi kwa pamoja, naye apelekwe.

Sisi je?

Jumanne yake alikuja mpulizaji dawa, saa moja na nusu usiku. Mimi na mume wangu tulitazama kutoka dirishani, kioo kimefungwa, amenishika bega. Asubuhi nilikiokota kile kiota kwa koleo. Kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu. Nilishangaa kitu kama kile kilivyotaka kunifanya mjane.

Nilimwomba radhi, na sikumwombea chumbani. Nilisubiri shemeji aje Jumapili, nikasema mbele yake, kwa kuwa kosa lenyewe nililifanya mbele yake. Sasa pochi ya mume wangu ina karatasi ya daktari, na mlangoni mwa friji tumebandika orodha: nani ana mzio wa nini, nani hatakiwi kupewa dawa gani. Jina la binti wetu lipo pia. Tulipomuuliza, kumbe dagaa kamba humtoa vipele, na alikuwa akiwapika kwetu kimya kimya.

Kwa hiyo msomaji wangu, leo usiku mkishazima taa, muulize mwenzako kitu kimoja: unaogopa nini ambacho hujawahi kuniambia? Akikujibu, hata kama ni mdudu, usicheke.