Umeomba chai, umeletewa karatasi ya mapishi: propati za Python

Juzi nilikuwa nasafisha data za vipimajoto. Vyote vilisoma Selsiasi, isipokuwa kimoja tu kilichosoma Farenhaiti. Nikasema, hii kazi ndogo: nakibandikia hicho kimoja propati ya kubadilisha namba, basi.

```python
class Kipimajoto:
    def __init__(self, ghafi):
        self.ghafi = ghafi

a = Kipimajoto(25)   # Selsiasi
b = Kipimajoto(77)   # Farenhaiti

p = property(lambda s: (s.ghafi - 32) * 5 / 9)
b.joto = p
print(b.joto)
```

Nilitegemea 25.0. Nikapata `<property object at 0x...>`. Yaani nimeomba chai, nimeletewa karatasi ya mapishi ya chai!

Kwa nini? Propati ni aina ya deskripta, utaratibu ulioingia Python toleo la 2.2, mwaka 2001. Ukiandika `b.joto`, Python haianzi kwa `b`. Inaanza kwenye klasi ya `b`, kisha klasi mama zake. Ikikuta propati huko, inaiita `__get__` yake, hesabu inafanyika, unapata jibu. Isipoikuta, ndipo inafungua `b.__dict__`, na chochote kilichomo humo inakutolea kama kilivyo, bila kukiita. Propati yangu ilikuwa humo, imelala tu.

Sawa, nikaihamishia kwenye klasi:

```python
Kipimajoto.joto = p
print(b.joto)   # 25.0
print(a.joto)   # -3.888888888888889
```

`b` kapona, lakini angalia `a`! Chumba cha nyuzi 25 kimegeuka baridi kuliko barafu. Klasi ni ya wote, kwa hiyo ukiibadilisha umewabadilisha wote. Na hapa ndipo pa kuogopa: Python haikulalamika hata kidogo. Kosa la kwanza lilijionyesha lenyewe, ila hili la pili lingeingia kimyakimya hadi kwenye grafu za tasnifu.

Dawa ni kukipa kile kitu kimoja klasi yake:

```python
Kipimajoto.joto = property(lambda s: s.ghafi)

class KipimajotoF(Kipimajoto):
    joto = p

b.__class__ = KipimajotoF
print(a.joto, b.joto)   # 25 25.0
```

Sasa kila mmoja anajibu kwa klasi yake. Kubadilisha `__class__` kunaruhusiwa, ila kunamchanganya atakayesoma msimbo baada yako. Kama unajua mapema kipimajoto kipi ni cha Farenhaiti, andika tu `b = KipimajotoF(77)` tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukijikuta unataka propati kwa kitu kimoja pekee, jiulize kwanza: hiki kitu kweli ni wa aina moja na wenzake? Changu hakikuwa.