Kutofungamana Si Kutojali: Siasa ya Nje ya Nchi Yetu Mbele ya Maandiko

Je, Mkristo aweza kuiunga mkono serikali inayokataa kuchukua upande katika ugomvi wa mataifa? Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 35 ambazo hazikukubali wala kukataa. Jirani yetu Kenya iliunga mkono azimio la kuulaumu uvamizi huo. Wako waliosema nchi yetu ilitenda kwa busara, na wako walioona kwamba ilinyamaza mbele ya dhuluma. Mchungaji anayewaombea watawala kila Jumapili (1 Tim. 2:1–2) hawezi kulikwepa swali hili. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba kutofungamana ni siasa inayoweza kutetewa mbele ya Maandiko, mradi isigeuke kuwa kutojali.

Maana ya maneno

Yatupasa kutenganisha mambo matatu. Kutofungamana ni kukataa kujifunga katika kambi ya wakubwa, ili kila jambo liamuliwe kwa haki yake. Kutoingilia ni kuheshimu mamlaka ya nchi nyingine juu ya mambo yake ya ndani, kanuni iliyotiwa katika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963. Kutojali ni kumwona jirani aliyejeruhiwa na kupita kando (Lk. 10:31–32). Mambo mawili ya kwanza ni ya siasa, na watu wema waweza kubishana juu yake. La tatu ni dhambi.

Ushuhuda wa Maandiko na wa Luther

Mwenye hekima amfananisha mtu ajitiaye katika ugomvi usio wake na mtu amkamataye mbwa masikio (Mit. 26:17). Mfalme Yosia, mcha Mungu, alijitia katika vita vya Neko, alionywa, hakusikia, akapigwa mishale Megido (2 Nya. 35:20–24). Isaya naye awaonya wanaotafuta usalama katika farasi na magari ya Misri (Isa. 31:1).

Lakini Obadia atuzuia tusistarehe upesi. Edomu alisimama kando siku wageni walipoingia malangoni mwa Yerusalemu, na kwa kusimama huko akahesabiwa kuwa kama mmoja wao (Oba. 11). Maandiko, basi, yamlaumu ajitiaye bila wito, na pia asimamaye kando bila huruma.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, lakubali kwamba Mkristo aweza kushiriki vita vya haki. Hata hivyo Luther, katika maandishi yake ya mwaka 1526 juu ya askari, afundisha kwamba aanzishaye vita ana kosa, na kwamba askari anayejua kwa hakika kuwa bwana wake hana haki yampasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Upanga wa mtawala una mipaka: amepewa kuwalinda watu aliokabidhiwa.

Gharama iliyolipwa

Watu wa nyanda za juu walijifunza mapema uchungu wa vita vya wengine. Mwaka 1914 Gavana Schnee alitumaini kwamba Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ungeliweka koloni nje ya vita. Tumaini hilo halikutimia. Hata Oktoba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa likipita Ubena, nchi ya Njombe ya leo. Wapagazi Waafrika kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi katika ugomvi wasioujua chanzo chake, na makanisa yaliyoanzishwa na Misheni ya Berlin yakanyang'anywa wamisionari wao.

Baada ya uhuru, nchi yetu ilikataa kuchaguliwa marafiki. Mwaka 1965 iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam; Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akaitaka iondoe na misaada mingine iliyotolewa kwa masharti hayo. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5.

Matunda ya msimamo huo yaonekana Makambako. Reli ya TAZARA ipitayo hapo ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuigharimia. Barabara kuu iendayo Tunduma ilijengwa kwa sehemu kwa fedha za Marekani, na ile iendayo Songea kupitia Njombe kwa msaada wa Uingereza. Wapinzani wakubwa wa karne ile wote waliacha kazi yao katika mji mmoja, na hakuna aliyeumiliki.

Pingamizi

Pingamizi kubwa latoka Uganda. Mwaka 1975 viongozi wa Afrika walikutana Kampala na kumfanya Idi Amin mwenyekiti wao; Tanzania ilikataa kuhudhuria. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kanuni ya kutoingilia ilikuwa imekuwa pazia la muuaji. Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, majeshi yetu yalimfukuza, yakaendelea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Afrika ilirekebisha kanuni yake. Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, katika kifungu cha 4, yaupa Umoja haki ya kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tuangalie vema: haki hiyo amepewa Umoja, wala si jirani mmoja mwenye nguvu. Hapa twasikia fundisho la Luther kwamba mtu asiwe hakimu katika shauri lake mwenyewe.

Wajibu wa Kanisa

Serikali yaweza kuizuia kura yake. Kanisa haliwezi kuuzuia mkono wake wala ulimi wake. Tangu mwaka 1964 Walutheri wamewahudumia wakimbizi nchini kupitia TCRS, bila kuwauliza walikuwa upande gani wa vita. Huo ndio mfano wetu. Katika sala ya kanisa tuwataje waliouawa wa pande zote. Tusiliite jeshi lolote jeshi la Mungu. Na dhuluma tuitaje kwa jina lake, hata itendwapo na rafiki aliyetujengea barabara.