Surua, Saratani na Swali la Shangazi

Shangazi alinitumia voisi WhatsApp saa nne usiku. "Mwanangu, wewe si unafanya kazi maabara? Kuna mtoto Uganda aliugua surua, saratani ikaisha. Sasa mimi kemo ya nini?" Alishaahirisha kliniki mara mbili.

Najua na nyinyi mmetumiwa hiyo habari. Ni ya kweli. Mwaka 1971 madaktari Bluming na Ziegler, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, waliandika kwenye jarida la Lancet juu ya mvulana wa miaka 8 mwenye limfoma ya Burkitt jichoni. Akapata surua, uvimbe ukanywea.

Mtoto mmoja, lakini. Jumapili nikaenda kwake Yeoville, tukaongea kwenye chai.

Virusi haviingii kwenye seli hovyo, vinahitaji mlango. Surua hutumia mlango uitwao SLAM, ulioko kwenye seli za kinga, na limfoma ya Burkitt inaanzia kwenye seli hizo hizo. Mlango mwingine, nectin-4, uko kwenye baadhi ya saratani za matiti. Kuutafuta si uchawi: kipande cha uvimbe kinawekwa kwenye nta, kinakatwa chembamba kuliko unywele, kinamwagiwa kingamwili inayonata kwenye mlango huo tu, halafu rangi. Ukiona kahawia kwenye hadubini, mlango upo.

"Basi wanipime!"

Hapo ndipo pagumu. Shangazi aliugua surua utotoni, kwa hiyo damu yake ina kingamwili za kuvidaka virusi kabla havijafika kwenye uvimbe. Na surua ya mtaani inaua. Watafiti hutumia virusi vilivyodhoofishwa, tena kwenye majaribio. Hata T-VEC, dawa ya virusi vya hapesi iliyoidhinishwa Marekani 2015, ni ya melanoma, saratani ya ngozi. Si ya titi.

Akanyamaza. Kisha akatoa karatasi za hospitali kwenye mfuko wa plastiki, bado zimekunjwa. Kumbe alishapimwa! Njia ile ile, kahawia ile ile, ila walitafuta vipokezi vya homoni na HER2. HER2 ilikuwa 3+, yaani kahawia nzito kabisa.

"Hii ina dawa yake, shangazi. Trastuzumab. Nayo yenyewe ni kingamwili. Wanaitoa pamoja na kemo."

"Kwa hiyo surua niiache?"

"Iache."

Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Tunapanda teksi saa kumi na moja alfajiri, maana foleni ya pale mnaijua.