Filme za kwetu na chupa ya Simba: sisi watu wa mugodi tunaona namna gani?

Kila mara tunaandika hapa juu ya mushahara, kofia ya kazi, viatu na mikataba ya sutretanse. Leo tunasema juu ya filme na bia. Musifikiri tumeacha kazi ya sendika. Kupumzika nako ni mambo ya sendika. Mutu mwenye kumaliza posti ya saa kumi na mbili, na kesho yake anarudia tena, hawezi kuangalia filme hata moja mupaka mwisho: analala mbele ya televizyo, viatu bado viko mumiguu. Saa ya kupumzika haikuanguka kutoka mbinguni. Wazee wetu waliidai, na wengine walilipa bei kali.

Njo maana sisi wa kamati, siku ya yenga kisha misa na mupira, tunakutana na bibi zetu na watoto wakubwa kuangalia filme zenye kusema juu ya inchi yetu. Kila mutu analeta kiti chake. Umeme ukikatika, tunachanga feza ya mafuta ya jenereta. Tunakunywa kidogo, tunabishana mingi. Sisi si mabingwa wa sinema. Sisi ni watu wa pelo na mashini. Lakini kuhusu kazi na kuhusu Katanga, hakuna mutu wa Paris wala Bruxelles wa kutufundisha.

Tunapima kila filme kwa ulizo moja tu: mutu wa kazi anasema ndani yake, ao amesimama tu kule nyuma kama muti?

Makala: kinga, magunia na jasho

Filme hii ya Mufaransa Emmanuel Gras ilitoka mwaka 2017 na ikapata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Hadisi yake ni fupi. Kijana Kabwita, wa kijiji cha Walemba upande wa Kolwezi, anakata muti mukubwa kwa shoka, anaufunika na udongo, anachoma makala, anapakia magunia juu ya kinga, kisha anaisukuma kilometa karibu 50 mupaka muji. Anatafuta feza ya kujenga nyumba. Basi, njo hivyo tu. Na watu wanasema Swahili yetu ya kila siku.

Wakati muti ule ulianguka, watoto wote walinyamaza. Wakati magari makubwa yanamupita Kabwita na vumbi lao, na kinga inaanguka na makala inamwangika barabarani, mama mumoja alisimama akasema: "Hapana, siangalie tena." Lakini alirudi kukaa. Wenye kusimamisha watu njiani na kuomba kitu wako pia ndani ya filme, vile tunawajua.

Tulibishana juu ya jambo moja. Wengine wanasema: filme haielezi juu ya nini kijana mwenye nguvu vile anauza makala, wakati udongo wa Kolwezi unatoa shaba na kobalti yenye kwenda dunia nzima. Wengine wanajibu: haina lazima ya kueleza, angalia tu kinga na angalia lori, umeelewa. Sisi wengi tuko upande wa hao wa pili. Kabwita hasemi maneno mingi, lakini filme nzima ni yake. Siku ile tulikunywa maji. Kisha kuona mutu anatoka jasho vile, bia haipiti.

Jadotville: Likasi bila watu wa Likasi

Filme "The Siege of Jadotville" iko kwa Netflix tangu 2016. Inaonyesha askari wa Irlande wa ONU, zaidi ya 150, wenye kuzungukwa Jadotville, ni kusema Likasi, mwezi wa tisa 1961. Walipigana siku kadhaa, risasi na maji vikawaishia, wakajitoa; hakuna hata mumoja wao aliyekufa pale. Ni hadisi ya kweli, na wazee wa Likasi wanaijua.

Vijana walipenda: risasi ni mingi, na Jamie Dornan anacheza muzuri yule komanda Quinlan. Lakini milima ile si yetu. Filme ilitengenezwa Afrika ya Kusini, na mutu wa Likasi anaona mara moja. Na ubaya zaidi: watu wenyewe wako wapi? Likasi ilikuwa muji wa viwanda vya Union Minière. Karibu na pale kuko Shinkolobwe, mahali kulitoka uraniamu ya bomu la Hiroshima. Kulikuwa makampi ya watumikaji, masomo, masoko. Ndani ya filme, watu hao wanapita tu. Vita inapigwa mu kiwanja cha mutu, na mwenye kiwanja haulizwi kitu. Tuliiangalia na Simba baridi, na inatosha.

Augure: baba anatafutwa

Huyu Baloji ni mutoto wa Lubumbashi. Alizaliwa hapa mwaka 1978, akakomalia Ubelgiji, akajulikana kwa muziki. Filme yake "Augure" ilipata zawadi Cannes mwaka 2023, na sehemu yake moja ilitengenezwa hapa Lubumbashi. Koffi anarudi kutoka Ulaya na muchumba wake Alice, muzungu, mwenye mimba, kuomba baraka ya familia. Lakini tangu utoto familia inasema yeye ni mulozi, juu ya alama ya usoni. Damu ya pua yake inamwangukia mutoto muchanga, na mambo yote yanaharibika.

Wanaume mingi walisema hawakuelewa kitu: ndoto, nguo za ajabu, watoto wenye kuvaa rozi na kupigana. Bibi zetu walielewa upesi. Walisema filme ni ya yule mama, Mujila, si ya Koffi. Na sisi wa mugodi tulishika kitu kingine: baba wa Koffi ni mutu wa mugodi, mutoto anamutafuta na hamuoni. Hapo nyumba nzima ilinyamaza. Ni wangapi kati yetu, watoto wao wanatujua kwa viatu vyenye kubaki mulangoni? Unatoka bado wamelala, unarudi wamelala. Baloji labda alitaka kusema juu ya ulozi, lakini alisema pia juu ya posti ya usiku. Kwa filme hii tulifungua Tembo: nyeusi kidogo, nzito kidogo, si ya kukimbiza.

Tarumbeta ya Armstrong

"Soundtrack to a Coup d'Etat" ya Mubelgiji Johan Grimonprez ilitoka 2024, na mwaka 2025 ilikuwa kati ya filme za ukweli zenye kushindania Oscar. Ni saa mbili na nusu. Ni picha za zamani tu na muziki wa jazi: ONU, Khrushchev, Lumumba, na Louis Armstrong mwenye kuletwa Kongo mwaka 1960 kupiga tarumbeta, mupaka hapa Élisabethville, wakati Lumumba anafungiwa njia zote. Tunajua mwisho: tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 1961, hapa karibu na muji wetu.

Filme ni darasa kubwa. Inaonyesha wazi namna feza ya Union Minière ilisimamisha nguzo za serikali ya Tshombe. Lakini maandishi yanapita mbio, kwa Kifaransa na Kiingereza. Tulisimamisha mara mingi ili wazee wafasiriwe. Watu wenye kulipa na damu njo wa mwisho kuelewa filme: haifai. Mwenye kuuza filme juu ya Kongo aweke na maandishi ya Swahili na Lingala.

Na kwa kuwa leo tunasema juu ya bia: mbele ya kuwa waziri wa kwanza, Lumumba alikuwa anauza bia. Mwaka 1957, kisha kutoka gereza, alipata kazi Léopoldville kwa kiwanda cha bia ya Polar, mushindani wa Primus. Alipita mu banganda, anapatia watu bia, anasema nao. Watu wakajua jina lake na sauti yake. Nganda ilikuwa shule ya siasa kabla ya miting.

Machini: mawe yanatembea

Sasa ile tuliyoipenda kupita zote. Ni fupi sana, dakika chache tu. Inaitwa "Machini", ya mwaka 2019, na ni kazi ya vijana wawili wa Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim. Hawakuwa na studio ya Amerika. Walishika mawe madogo na choki, wakasogeza kidogo, wakapiga picha, wakasogeza tena, wakapiga tena, mupaka mawe yakatembea kama watu. Watu wa mawe, muji, mashini, moshi, uchafu wenye kurudia wenye kuutoa.

Sisi tunafanya kazi na mawe kila siku. Tunayavunja, tunayabeba, tunayapima. Hatukuwaza kama jiwe linaweza kusema juu yetu. Mwenzetu mumoja wa koncentratere, mutu asiyelia ovyo, aliomba turudie mara tatu. Hapa hakuna ulazima wa kufasiria kitu. Mutu wa kazi hayuko nyuma kama muti: yeye njo jiwe, yeye njo filme.

Kwa Machini tulikunywa munkoyo. Vyote viwili ni kazi ya mikono.

Basi, tunakunywa nini?

Ulaya sasa wanasifu bia ya mikono, yenye kupikwa kidogo kidogo, kila mupishi na namna yake. Mwaka 2016 UNESCO iliandika mazoea ya bia ya Ubelgiji kati ya utajiri wa dunia. Vizuri. Lakini mama zetu walikuwa wanapika bia ya mikono kabla ya kiwanda kufika. Munkoyo unajulikana: uji wa mahindi unapikwa na kupoa, mizizi ya munkoyo inapondwa na kuwekwa ndani, na mizizi ile inageuza uji kuwa mutamu na mwepesi. Siku ya kwanza hata mutoto anakunywa. Siku zenye kufuata unakuwa mukali, na watu wakubwa wanakaribia. Kila mama ana mukono wake. Tuko na wetu kwenye soko. Hatutaji jina, juu akipata wateja mingi sisi tutakosa.

Kwa za kiwanda, maoni yetu ni haya. Simba ni bia ya kiu, kisha jua na mupira. Tembo ni ya kusema polepole na rafiki. Rangi yake na ile harufu ya kuungua kidogo vinatoka kwa nafaka yenye kukaangwa. Turbo King ni ya wenye kifua. Primus ni nzuri pia, lakini ukiisifu sana Lubumbashi watakuuliza umefika hapa lini.

Lutuku tunaweka mbali. Mwenye kuipika hana kipimo, na mwenye kuikunywa hajui nguvu gani iko ndani. Mutu anashuka mu shimo na lutuku kichwani, na wenzake watatu wako chini yake. Lori ya tani mia haina huruma na mulevi. Kipimo cha pombe mulangoni mwa kompani tunakikubali, lakini wapimwe wote, na wakubwa wenye magari ya vioo vyeusi pia. Na siku ya mushahara, chupa ya ine inakula kayé ya mutoto. Bibi zetu waliomba tuandike hivyo. Tumeandika.

Filme yenye kukosekana

Kisha kuangalia zote hizi, tunabaki na njaa moja. Mwezi wa kumi na mbili 1941, watumikaji weusi wa Union Minière waligoma kuomba mushahara wenye kufaa. Léonard Mpoyi alikuwa musemaji wao. Watu walikusanyika mu kiwanja cha mupira cha Élisabethville, askari wakapiga risasi, Mpoyi akauawa pamoja na wengine wengi. Mu miaka ya 1970, muchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi hii, na watumikaji wale hakuwasahau. Lakini filme ya siku ile, yenye kusema Swahili, yenye Mpoyi mbele na si nyuma, hatujaiangalia bado.

Hatungojei Netflix. Vijana wa Machini walionyesha kama mawe na choki vinatosha kuanza. Walioona 1941 karibu wote wamekwisha kwenda, lakini watoto wao wangali wako mu makampi ya zamani, mu veranda. Kila mumoja wetu ana telefone yenye kuchukua sauti. Tunaomba kila familia ifanye jambo moja kabla ya mwisho wa mwezi: kaa na muzee mumoja, umuulize maulizo matatu. Baba yako alitumika wapi? Walikuwa wanamulipa nini? Siku walikataa, kulipita nini? Muache aseme kwa luga yake, usimukatize. Weka ile sauti vizuri, na nakala moja ulete kwa kamati.

Munkoyo wa siku ile, sisi tutaleta.