Waziri Mkuu Asiyepigiwa Kura

Nadhani wengi wenu mlikuwapo ukumbini siku ile nilipoaibika. Kwa wale ambao hawakuwapo, kisa ni hiki. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala, na hoja ilikuwa kwamba Kenya irudie serikali ya Waziri Mkuu kama ile ya Uingereza, yaani kama tulivyokuwa 1963 na 1964 kabla ya Mzee Kenyatta kuwa Rais. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa kuunga mkono. Nikasimama kifua mbele, nikanena kwamba Waingereza humchagua Waziri Mkuu wao moja kwa moja kwa kura ya siri. Binti mmoja wa Kidato cha Pili akainua mkono: "Mheshimiwa Spika, msemaji atuambie, ni Waingereza wangapi waliompigia kura Rishi Sunak awe Waziri Mkuu 2022?" Nikababaika. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikaketi kabla ya dakika zangu kwisha.

Likizo ilipofika nilimpigia simu shangazi yangu, ambaye ni muuguzi mjini Leicester. Nilikumbuka kwamba baba aliwahi kubishana naye eti amepiga kura kule ilhali ni Mkenya. "Nilipiga, mwanangu, tena kwa haki yangu," akanijibu. Kumbe sheria yao inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali kujiandikisha na kuchagua mbunge! Siku hizi lazima mpigakura aonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya inakubaliwa. Haya, hilo sikuwahi kulisikia darasani.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa Alhamisi, tarehe 4 Julai 2024. Vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi vikafungwa saa nne usiku, kwa hiyo shangazi alipita akitoka kazini. Hakupakwa wino kidoleni. Sisi hupewa karatasi sita, yeye alipewa moja tu ya kumchagua mbunge, akatia alama kwa penseli. "Mara yangu ya kwanza kupiga kura ya bunge kule," akaniambia huku akicheka, "nilitafuta jina la Waziri Mkuu juu na chini. Nikadhani nimepewa karatasi mbovu."

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Uingereza ina maeneo bunge 650, na kila moja hutoa mbunge mmoja. Jina la Sunak lilikuwa kwenye karatasi za eneo bunge lake kule Yorkshire, na la Keir Starmer katika lake jijini London, basi. Chama kikipata wabunge wa kutosha, Mfalme humwita kiongozi wake aunde serikali. Chama cha Leba kilishinda, na Starmer akawa Waziri Mkuu tarehe 5 Julai, siku moja tu baada ya kura. Mambo ya kuapishwa uwanjani mbele ya halaiki hakuna.

Na wenzake bungeni wakimchoka je? Wanambadilisha, bwana, bila kuwauliza wananchi. Theresa May aliingia 2016 hivyo, Boris Johnson 2019, Liz Truss na Sunak 2022. Truss alikaa siku 49, pungufu ya muhula mmoja wetu wa shule. Sunak naye alibaki mgombea peke yake, hata wanachama wa chama chake hawakupiga kura. Kwa hivyo, dada wa Kidato cha Pili, jibu lako ni hili: hakuna.

Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Kwao mgombea hahitaji nusu ya kura, bali kumshinda anayemfuata tu. (Hata wabunge wetu 290 huchaguliwa vivyo hivyo, ila Rais wetu lazima apite asilimia 50 na kupata robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24.) Matokeo yake, mwaka huo wa 2024 Leba walipata takriban asilimia 34 ya kura za nchi nzima, wakatwaa viti 411. Chama cha Reform UK kilipata asilimia 14 hivi, kikaambulia viti vitano! Chama cha Liberal Democrats, kwa kura chache kuliko hao, kilipata viti 72, kwa sababu kura zake zilirundikana katika maeneo fulani badala ya kutapakaa nchi nzima. Mimi nauona mfumo huu una dhuluma ndani yake, ingawa shangazi anasema angalau kila mtu anamjua mbunge wake.

Kuhusu mahakama, hawana katiba moja iliyoandikwa kama yetu ya 2010, na Bunge likishapitisha sheria hakuna jaji wa kuifuta. Lakini serikali yenyewe hushtakiwa na ikashindwa. Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba Johnson alivunja sheria kwa kumshauri Malkia asimamishe vikao vya Bunge kwa wiki tano. Kesho yake wabunge walirudi vitini. Ama uchaguzi wa kitaifa kufutwa wote, kama Mahakama yetu ya Juu ilivyofuta ule wa Rais 2017, kwao hakuna kesi ya namna hiyo. Anayelalamika hupinga eneo bunge moja, kama la Oldham East and Saddleworth, ambalo matokeo yake yalibatilishwa 2010.

Nilimwuliza shangazi kama mgombea wake alipita. "Hakupita," akasema.

Mjadala utarudiwa muhula ujao. Nimemwomba mwalimu mlezi aniweke upande wa kupinga, naye bado hajanijibu.